Msongamano katika mabweni ya vyuo vikuu vya umma

MSONGAMANO katika mabweni ya vyuo vikuu vya umma nchini Kenya ulizidi mwaka 1990, wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walipojiunga navyo sambamba na kundi la mwisho la Kidato cha Sita.

Kwa miaka mingi, halmashauri ya pamoja ya usajili, JAB, ilizingatia idadi ya vitanda ilipowateua wanafunzi. Pasipo kitanda hapakuwa na nafasi, na waliofaulu walingoja nyumbani hata miaka miwili. Mpango wa kujilipia karo, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, ulileta maelfu ambao vitanda hivyo havikuwahusu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliondoa JAB na kuunda KUCCPS, ambayo huangalia nafasi za kozi, si vitanda.

Hivyo, chumba cha wawili huweza kulaza wanne: wenyeji na marafiki wasiosajiliwa. Vyoo na maji havitoshi, na maradhi huenea upesi.

Waliokosa hupanga vyumba mitaani, kama vile Kahawa Wendani na Gachororo, Juja. Kwa mtoto wa maskini, kodi hiyo humega mkopo wa HELB uliokusudiwa pia chakula na vitabu.