Rodi gani kwa bomba gani: ugomvi wa haidrojeni ambao haujaisha

Mazungumzo ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, yamejaa fidia, mikopo, mazingira na siasa. Ni haki yawe hivyo. Mradi una urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zinapita katika ardhi ya Tanzania. Lakini kuna jambo ambalo halipewi hata dakika moja, ingawa ndilo litakaloamua kama mafuta yatabaki ndani ya chuma au yatamwagika shambani kwa mtu. Jambo hilo ni maungio. Yako makumi ya maelfu, kila moja ni duara la chuma kilichoyeyushwa kikaganda, na kila moja lina uamuzi nyuma yake: lijazwe kwa rodi gani, au kwa waya gani?

Uamuzi huo una historia ndefu. Oscar Kjellberg, fundi wa Sweden aliyehangaika na maboila ya meli yaliyovuja, alianzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, na mwaka 1907 akapata hataza ya rodi iliyofunikwa ganda. Kabla yake mafundi walichomelea kwa waya mtupu, hewa ikaingia kwenye chuma cha moto, na ungio likawa linavunjika kirahisi. Baadaye Wamarekani wakatia selulosi kwenye ganda, yaani nyuzi za mbao au karatasi. Moto wake huchimba, hupenya hadi ndani ya bomba, na chuma huganda upesi kiasi kwamba fundi anaweza kuanzia juu ya bomba akashuka nayo hadi chini bila kudondosha. Rodi hiyo ndiyo iliyojenga mabomba mengi marefu ya karne ya 20.

Enzi hiyo ilikuwa na haraka. Mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za mafuta kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, na serikali ikaamuru lijengwe bomba la Big Inch kutoka Texas. Lilifika mashariki mwaka 1943, likiwa na kipenyo cha inchi 24 kama hili la Tanga. Kwetu, bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi mwaka 1968, Zambia ilipokuwa imebanwa na Rhodesia ya Ian Smith.

Tatizo likaja na chuma chenyewe. Wanunuzi walitaka bomba jembamba zaidi linalobeba shinikizo kubwa zaidi, na viwanda vikawapa chuma cha alama X52, kisha X60, X65, X70. Chuma cha namna hiyo hakivumilii haidrojeni. Selulosi inapoungua hutoa haidrojeni nyingi, inayeyukia ndani ya chuma cha maji, kisha inajikusanya pembeni mwa ungio mahali palipokuwa pagumu kwa kupoa haraka. Ufa hautokei mbele ya fundi. Unaweza kuja baada ya saa kadhaa, au baada ya siku mbili, yeye akiwa ameshasonga mbele na genge lake.

Ripoti inayonivuta zaidi kuhusu ugonjwa huu inahusu daraja. King's Bridge la Melbourne, Australia, lilifunguliwa Aprili 1961. Asubuhi ya baridi ya Julai 10, 1962, lori zito lilipopita, sehemu moja ya daraja ikalegea na kushuka. Hakuna aliyekufa, kwa sababu kuta zilizokuwa chini ya daraja zililidaka. Tume ya Kifalme iliyoundwa kuchunguza iligundua nyufa kwenye mihimili, mahali bamba la ziada lilipochomelewa chini, na ndani ya baadhi ya nyufa hizo mlikuwa na rangi ya kiwandani. Yaani chuma kilikuwa kimepasuka kabla ya kutoka karakana, kikapakwa rangi, kikapelekwa, kikapandishwa, watu wakapita juu yake zaidi ya mwaka mzima.

Hapo ndipo ugomvi ulipochanua. Mtengeneza chuma, mchomeleaji, mkandarasi na bodi ya barabara kila mmoja alimwona mwenzake ndiye aliyepaswa kuuliza. Chuma chenyewe, kilichochaguliwa kwa nguvu yake, kilikuwa kigumu kuchomelea kuliko walivyokuwa wamezoea. Wakaguzi walikuwa wameona nyufa nyingine na kuzirekebisha, ila hizi zilizouua muundo hazikuonekana. Tume haikumsafisha yeyote. Naamini kila mhandisi wa mabomba katika Afrika Mashariki angefaa kuisoma ripoti hiyo kabla ya kusaini karatasi ya kwanza.

Maana hata namba za bomba na za rodi zinadanganya. X65 ina maana bomba linaanza kunyooka bila kurudi likifika pauni 65,000 kwa inchi ya mraba. Namba ya rodi hupima kitu kingine, yaani nguvu ya mwisho kabla ya kukatika. Rodi ya daraja la 70 inaonekana imezidi 65, kumbe bomba hilo linatakiwa lihimili takriban 77,000 kabla ya kukatika. Ndiyo maana matabaka ya kujaza hupewa rodi ya daraja la 80. Lakini tabaka la kwanza, la mzizi, mara nyingi hupewa rodi dhaifu ya 60, kwa makusudi, kwa kuwa chuma laini hunyumbulika pale mkazo ulipo mkubwa na hakipasuki upesi. Tabaka la pili hufuata mara moja, mzizi ukiwa bado wa moto, ili haidrojeni ipate kutoka.

Hifadhi ya rodi nayo ina mambo yake. Rodi ya selulosi lazima ibaki na unyevu kidogo ndani ya ganda. Ukiikausha kwenye oveni umeiharibu. Aina ya pili, rodi ya haidrojeni ndogo, hukaushwa kwenye joto la nyuzi 300 na zaidi, kisha huwekwa ndani ya kontena lenye joto hadi fundi anapoichukua. Ya kwanza huacha mililita 30 na kuendelea za haidrojeni katika gramu 100 za chuma kilichowekwa. Iliyo bora ya pili haivuki 4. Kwenye maduka yetu ya vifaa utaona boksi za aina zote mbili zimefunguliwa kwenye rafu moja, kwenye unyevu wa pwani, na mteja akiuliza tu bei. Kwa geti la nyumba sina neno. Kwa bomba la mafuta ni hatari, na vyuo vyetu vya ufundi vinaonekana kulichukulia somo hili kama la wageni.

Miongo ya karibuni nitaipitia haraka. Mashine zinazochomelea zenyewe zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, chuma kikapunguzwa kaboni, Ujerumani ikalaza X80 mwaka 1985, na hofu ya nyufa ikahama kutoka kwenye bomba kwenda kwenye chuma cha rodi yenyewe. Siku hizi mistari mirefu hufanywa na mashine zenye waya mtupu na gesi ya kulinda. Pale vipande viwili vya mstari vinapokutana, au bomba linapokatwa kwa matengenezo, fundi bado anashika rodi kwa mkono.

Kwenye miradi ya aina hii kila ungio lina namba yake, namba ya fundi aliyelichomelea, na namba ya toleo la rodi au waya uliotumika. Kumbukumbu hizo za bomba la Tanga zisifungiwe kwenye kabati la mkandarasi. Nakala iwekwe Tanga, kwenye chuo ambacho wanafunzi wa uchomeleaji watafungua faili, wachague ungio lolote kati ya Hoima na Chongoleani, na waone lilijazwa kwa nini, na kwa sababu gani.