Shule za Wakongomani Nyarugusu: masomo ya nyumbani katika inchi ya ugenini

UVIRA – Mwezi wa kumi 1996, vita vya AFDL vilipofika Uvira, maelfu ya wakaaji wa mji huu na wa Fizi walivuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti hadi Kigoma. Mwezi wa kumi na moja Tanzania ikafungua kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Walimu nao walikuwa wamekimbia, na shule zikaanzishwa kambini.

Ilibidi kuchagua programu. Wakati huo katika shule za msingi za Tanzania watoto walisoma miaka saba kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wa Uvira waliijua tayari. Lakini kambini ilifuatwa programu ya Kongo: Kifaransa, miaka sita ya msingi, sita ya sekondari, kisha Exetat. Tanzania iliwahesabu wakimbizi kuwa watu wa kurudi kwao, na wazazi wengi pia waliwaza kurudi. Mtoto akirudi, aendelee pale alipoachia.

Kurudi kukachelewa. Mwaka wa 1998 vita vya pili vikaanza, Uvira ikawa mikononi mwa RCD, na wengine wakavuka tena. Kilichozipa shule hizo uzito ni mitihani ya taifa ya Kongo kufanyika huko huko kambini. Bila mtihani huo, miaka kumi na miwili ya darasa ingebaki bila diplome.

Mwaka wa 2009 kambi ya Lugufu ilifungwa na Wakongomani waliobaki huko wakahamishiwa Nyarugusu. Mwaka wa 2015 wakaja Warundi kwa makumi ya maelfu. Baadhi yao walilala kwanza ndani ya madarasa, na watoto wao wakapata shule za programu ya Burundi.

Mwaka ule ule, upande wetu wa ziwa, kambi ya Lusenda ilifunguliwa Fizi kwa ajili ya Warundi wengine. Huku watoto wao waliingizwa katika shule za Kikongomani. Ziwa ni moja, lakini majibu yalikuwa mawili: huko mtoto alitunziwa shule ya kwao, huku aliunganishwa na wenyeji.

Swali hilo limerudi kwa jamaa za Uvira zilizovuka Rusizi kuingia Burundi tangu mwezi wa pili 2025. Wazazi wanaweza kuanza na jambo moja: kutunza buletini ya mtoto. Nyumba huachwa, mashamba huachwa, lakini karatasi hiyo hubebwa mfukoni, na ndiyo itaonyesha mtoto alifikia darasa gani.