Kilomita ya babu: historia fupi ya kantonye na barabara zetu



Kila mara tukiongea juu ya barabara, sisi vijana tunaanza na mashini. Tunauliza: Wachina wanakuja lini? Lami itafika lini? Leo naomba tuanze na mtu mwenye jembe. Wazee walimwita kantonye. Babu yangu, baba ya mama, alikuwa kantonye upande wa Nyangezi, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Mimi nilisoma agronomia miaka mitano, na bado nilichelewa sana kuelewa kazi yake ilikuwa nini.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Mbeleji, barabara nyingi za Kivu zilifunguliwa na mikono ya watu. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliruhusu wakubwa kuwalazimisha watu wa vijiji kufanya kazi mpaka siku 60 kwa mwaka. Kulikuwa mashamba ya lazima, na kulikuwa pia kazi za sheferi, ndani yake njia na madaraja. Mwaka 1942, vita ikiwaka Ulaya na wakubwa wakitaka mpira na pamba kwa wingi, siku zile zilipandishwa mpaka 120. Aliyekataa alifungwa.

Baba ya babu alikuwa mu hesabu hiyo. Kwetu nyumbani hakuna anayesimulia barabara ile kama maendeleo. Wanasema tu: “Tuliilima.” Waliilima sawa vile mtu analima shamba la mwingine, bila kujua atavuna nini.

Lakini kufungua njia ni jambo moja, kuichunga ni lingine. Mu milima yetu mvua inaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Barabara ya udongo kwenye mteremko, ikikosa mtu wa kuitazama, haimalizi misimu mingi. Ndio maana wakaweka makantonye: mtu wa kijiji cha karibu, aliyepewa kipande chake cha barabara, jembe, koleo na panga. Kile kipande kilikuwa chake. Kikiharibika, kila mtu alijua wa kumuuliza.

Na alifanya nini pale? Mambo manne. Alifungua mitaro ya pembeni ili maji yasipande barabarani. Alichimba midomo ya kutoa maji, kila baada ya umbali fulani, ili yaende mu majani kabla hayajapata nguvu. Alitunza mgongo wa barabara, yaani ile sehemu ya katikati iliyoinuka, ili mvua ikimbie kushoto na kuume. Na alikata majani na matawi ili jua liingie na kukausha udongo. Shimo dogo alilijaza siku ile ile, kabla gurudumu la kamyo halijalikoroga kuwa matope.

Wenzangu wa agronomia, mmeona? Hii ni somo letu la mmomonyoko wa udongo! Maji yakikosa pa kutokea yanakimbia, yakikimbia yanabeba udongo. Mu miaka ya mwisho ya ukoloni, Mission Anti-Érosive ilichimbisha wakulima wa Kivu mitaro ya kukata mteremko kwenye mashamba, na hiyo pia kwa lazima. Uhuru ulipofika, watu wengi waliifukia kwa hasira. Elimu ilikuwa nzuri, lakini ilikuja na fimbo, na watu wakatupa vyote viwili pamoja.

Basi tukapata uhuru. Mpaka leo hesabu ya leta inasema nchi yetu iko na kilomita 152,400 za barabara. Kati ya hizo, 58,129 ni barabara kubwa za manufaa ya taifa na mikoa, 7,400 ni za ndani ya miji, na 86,871 ni zile za kufikisha mavuno kutoka mashambani, desserte agricole. Tazameni vizuri: zaidi ya nusu ni barabara za mkulima. Ni hizo zinaleta muhogo, maharage na ndizi sokoni, na ni hizo hazikatwi riboni kwenye televisheni.

Kila kundi liko na mwenyewe. Barabara kubwa zilikabidhiwa Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971. Za mijini na mitaro yake ziko kwa Office des Voiries et Drainage, OVD, iliyoundwa 1987. Za mashambani ziliwekwa chini ya DVDA, idara ya wizara ya maendeleo ya vijiji, pamoja na wakubwa wa sheferi na sekta. Nawaambia hii kwa sababu vijana wengi wanagonga mlango usio wenyewe. Ukienda kulilia OVD juu ya njia ya kijijini kwenu, watakusikiliza kwa heshima na kukurudisha nyumbani.

Babu aliingia kazi wakati mambo yalikuwa bado yanatembea. Kwa mara ya kwanza katika familia yetu, mtu alilima barabara akapata mshahara. Alisomesha mama na ndugu zake kwa kilomita ile. Alipoongea juu yake hakusema “barabara ya leta.” Alisema “kilomita yangu.”

Lakini nchi ilikuwa inaanza kuchoka. Novemba 1973 ikaja zairianisation: mashamba makubwa na maduka ya wageni yakapewa Wazairwa, na mengi yakaanguka. Kisha bei ya shaba ikashuka, na leta iliyokuwa inaishi kwa shaba ikapungukiwa. Wakati ule ule kulikuwa salongo, kazi ya pamoja ya lazima. Mtu aliyemaliza juma akifanya kazi bila kulipwa vizuri alitolewa nje kwenda kufyeka bila kulipwa kabisa. Wazee waliikumbuka 1933, wakaanza kujificha.

Mwaka 1990, baada ya yale yaliyowapata wanafunzi kwenye kampusi ya Lubumbashi, Ubeleji ilikata ushirikiano. Mwaka 1991 askari wakapora miji, wageni wengi wakaondoka. Fedha ikakosa maana: mshahara wa mwezi ulinunua sabuni, kisha haukununua hata hiyo. Babu aliendelea kufungua mitaro kwa muda, na si kwa ajili ya uzalendo. Shamba lake la ndizi lilikuwa chini ya barabara, na mtaro ukiziba maji yote yanamwangukia yeye. Siku moja akachoka. Alisema: “Mtu hawezi kuchunga ng’ombe asiyekunywa maziwa yake.” Akaliacha jembe la leta, akashika lake.

Kisha vita, 1996 na tena 1998. Tumezoea kusema vita ndiyo iliua barabara zetu. Ni kweli, madaraja yalianguka na watu walikimbia. Lakini tuangalie vizuri. Barabara nyingi zilikuwa zimeanza kufa miaka mbele ya risasi ya kwanza, tangu siku ile makantonye walirudi nyumbani. Maji yalianza, vita ikamalizia. Wanaosafiri kutoka Bukavu kwenda Uvira wanajua matokeo: watu wengi, kwa kuogopa mlima wa Ngomo, wanavuka mpaka, wanapita Rwanda kwenye lami, kisha wanarudi Kongo pale Kamanyola. Kwenda kwa jirani ili ufike kwako mwenyewe!

Mwaka 2008 ni mwaka wa kukumbuka, kwa sababu mambo matatu yalianza pamoja. La kwanza, mkataba na kampuni za China, ule wa Sicomines: madini upande mmoja, barabara na majengo upande mwingine. Ulianza na dola miliardi 9, kisha ukapunguzwa mpaka 6, ndani yake 3 za miundombinu. La pili, mradi wa Pro-Routes, wa Banki ya Dunia na Uingereza, wa kufungua tena barabara kubwa za udongo. La tatu halikupigiwa ngoma: sheria ya Julai 2008 iliyounda FONER, mfuko wa kutunza barabara. Fedha yake inatoka mu mafuta ya gari na kwenye peaji. Maana yake, kila mwenye pikipiki akinunua petroli tayari amechangia mtaro. Basi iko na haki ya kuuliza mtaro uko wapi.

Katika miaka hiyo kantonye alirudi na jina jipya: CLER, komite ya mahali ya kutunza barabara. Wanakijiji wanajipanga, wanachagua wakubwa wao, wanapata vifaa na toroli, wanaandikiana mkataba na ofisi ya barabara au mradi, na wanalipwa kufuatana na kilomita walizotunza. Wanachunga pia bariere ya mvua: mvua ikinyesha wanafunga njia, makamyo yanangoja mpaka udongo ukauke. Madereva wanatukana, lakini kamyo moja nzito kwenye udongo ulioloa inaharibu kazi ya mwezi mzima.

Na mainjenia? Wanahitajika sana. Kantonye hawezi kukadiria daraja litabeba tani ngapi, wala karavati iwe na upana gani kwa mto unaofurika mara moja kwa miaka mingi. Kwa kawaida kazi ya umma iko na watu watatu: mwenye kazi, yaani leta au sheferi, kampuni inayojenga, na ofisi ya uhandisi inayopima na kukagua kwa niaba ya mwenye kazi. Hawa watatu wakiwa watu tofauti kweli, wanakijiji wanapata barabara. Wakiwa ndugu watatu wa meza moja, simenti inapungua.

Nilijionea mwenyewe. Nilipofanya utafiti wangu wa mwisho wa lisansi, nilipanda kwenye milima fulani juu ya bonde la Ruzizi ambako kampuni moja ilikuwa imefungua njia ya mashambani. Ilikuwa pana, nyekundu, nzuri kwa picha. Kulikuwa sherehe na ubao mkubwa wenye majina ya wafadhili. Mzee mmoja akaniuliza: “Mwanangu, midomo ya maji iko wapi?” Nilitazama, sikuona hata moja. Mitaro ilishuka moja kwa moja mpaka chini. Nilirudi pale baada ya misimu miwili ya mvua. Ubao ulikuwa bado umesimama, lakini barabara ilikuwa imekuwa korongo, na akina mama walibeba tena mihogo mgongoni. Yule mzee hakusoma uhandisi. Alikuwa kantonye zamani, na hakuna aliyemuuliza kitu wakati wa kupima njia.

Hapo ndipo nimefika na historia hii. Tumejaribu njia mbili, zote mbili zimetuangusha. Ya kwanza ni kazi ya bure ya lazima: siku 60, siku 120, salongo. Ya pili ni mashini ya mbali inayokuja, inapiga picha na kuondoka. Barabara iliishi wakati mtu wa karibu alilipwa kuitunza, akajua kilomita ni yake. Ndiyo sababu ninashtuka nikisikia viongozi vijana wanasema: “Wanakijiji watoe mchango wao kwa jasho.” Jasho lile limeshatolewa vizazi viwili. Mwenye kutaka mtaro aweke mshahara wa kantonye mu bajeti, kila mwezi, mbele ya kununua lami.

Sisi wenye diploma tunaweza kufanya nini? Mwagronomo ajue kwamba kazi yake haiishi kwenye mpaka wa shamba. Mwenye sheria asaidie komite kusoma mkataba wake kabla ya kuweka sahihi. Mwenye uchumi afuatilie fedha ya peaji. Na injenia, kabla ya kufungua kompyuta yake, amtafute mzee aliyelima njia ile na kumuuliza maji yanapita wapi Aprili.

Babu alifariki kabla sijamaliza masomo. Jembe lake liko bado nyumbani, limeisha hata halifiki nusu ya ukubwa wake wa kwanza. Nilimuuliza mama chuma kile chote kilienda wapi. Akajibu: “Kiko kwenye barabara.”