Pedi ya Kushoto

Mwaka 2008 mechi moja ya gemu pale Manundu, Korogwe, ilikuwa shilingi 200, na mlipaji alikuwa aliyefungwa. Mshindi alibaki kwenye kiti akamsubiri mwingine. Sheria hiyo iliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa bati, chini ya onyo la kutotukana. Ndani kulikuwa na TV mbili za chogo, PlayStation 2 mbili zilizochokonolewa ili zisome CD za kunakili, na benchi la wanaosubiri zamu. Mchezo ulikuwa mmoja, Pro Evolution Soccer 6, ingawa sisi tuliuita Winning tu, kwa sababu matoleo ya Kijapani yalitufikia kwanza, na hayo yaliitwa Winning Eleven. Humo Chelsea ilikuwa London FC na Liverpool ilikuwa Merseyside Red, kwa kuwa Konami hawakuwa na haki ya kutumia majina yao. Hakuna aliyejali. Tulijua nani ni nani.

Nimeifikiria sana sheria ile ya chaki tangu nilipoanza kusoma historia ya mbinu za soka, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kushambulia.

Mama alinipa 200 kila Jumapili. Ukifungwa mechi ya kwanza, wiki imeisha, unabaki kuangalia wenzako. Kwa hiyo nilijifunza kusubiri. Mabeki watano nyuma, viungo wamesimama mbele yao, na Adriano wa Inter peke yake karibu na mstari wa kati. Waliocheza toleo lile wanakumbuka: nguvu ya shuti lake ilikuwa 99, tena kwa mguu wa kushoto. Mpinzani akipoteza mpira nabonyeza duara, mpira unapita juu ya vichwa vya watu wote, Adriano anageuka, nabonyeza mraba. Moja bila. Kisha narudisha watu nyuma na kusikiliza yale matusi yaliyokatazwa mlangoni. Waliniita Kupe. Kuna Jumapili nilicheza mpaka magharibi na 200 yangu bado ikiwa mfukoni.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliishi Chanika, mjini Handeni, na huko mambo yalikuwa tofauti. Mwenye gemu wa kwao alitoza kwa muda. Nusu saa bei moja, wawili mnachangia, umeme ukikatika anawasha jenereta na kuongeza kidogo ya petroli. Kufungwa hakukumtoa mtu kwenye kiti. Matokeo yake watoto wa Handeni walicheza kama watu wasiodaiwa. Binamu alichagua Barcelona ya Ronaldinho na Deco, akapiga pasi kumi, kumi na mbili, akimtafuta mtu wa kumpenyezea. Pasi ya kupenyeza ni pembetatu. Kidole gumba chake kilikuwa na sugu upande mmoja kwa ajili ya pembetatu. Nilipokwenda kwao likizo alinifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika hapa, na kila goli lilikuwa zuri.

Siku hizo niliamini kwamba yeye ana roho ya mpira na mimi ni mwoga. Wengi bado huzungumza hivyo. Mashabiki wetu ni mabingwa wa kuupa mtindo jina, mara pira biriani kwa Simba, mara gusa achia twende kwao kwa Yanga, utadhani timu huamka asubuhi ikaamua kuwa na tabia fulani. Historia niliyoisoma baadaye inaonyesha mambo mengine kabisa.

Chukua mwaka 1925. Kabla ya hapo, mshambuliaji alihesabiwa ameotea kama hakuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka ule sheria ikabadilishwa, wakatosha wawili. Magoli yakamiminika Uingereza nzima. Tarehe 3 Oktoba 1925, Arsenal ya Herbert Chapman ilipigwa 7–0 na Newcastle. Baada ya kipigo hicho Chapman na mchezaji wake Charles Buchan wakakubaliana kumrudisha kiungo wa kati awe beki wa tatu. Kutoka hapo likazaliwa umbo la WM, na pamoja nalo Arsenal iliyokaa nyuma kwa utulivu kisha ikatoka kwa kasi. Watu waliiita timu yenye bahati, wakaichukia kwa miaka. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe hata Arsenal iliwahi kuwa Kupe.

Au chukua Wahungari waliokwenda Wembley tarehe 25 Novemba 1953 na kuifunga England 6–3. Kinachosimuliwa sana ni Nándor Hidegkuti, namba 9 aliyerudi nyuma mpaka beki wa Waingereza, Harry Johnston, akashindwa kujua amfuate au abaki. Hidegkuti alifunga matatu. Mimi hunigusa zaidi maandalizi ya kocha wao, Gusztáv Sebes. Aliomba mipira ya Kiingereza, iliyokuwa mizito kuliko ya kwao, akawafanyisha wachezaji wake mazoezi nayo kwenye uwanja uliopimwa sawa na Wembley. Kwanza mikono na miguu izoee kifaa, ndipo ufundi ufuate. Mipira ile isingepatikana, sijui tungekuwa tunamsimulia Hidegkuti gani.

Kisha kuna Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, mtu ambaye kila mpiga mipira mirefu duniani ana deni kwake. Tarehe 18 Machi 1950 alikuwa akitazama Swindon Town dhidi ya Bristol Rovers. Akachoshwa na mashambulizi yasiyo na tija, akatoa daftari na penseli katikati ya mechi, akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa miaka mingi na kugundua kwamba magoli mengi hutokana na pasi tatu au pungufu. Basi, akasema, pigeni mbele haraka. Hakuzingatia vya kutosha kwamba karibu mashambulizi yote ya soka huishia kwenye pasi chache, yawe ya goli au ya bure, kwa hiyo magoli mengi lazima yatoke humo. Kosa hilo liliishi sana England kwa sababu lilikuwa limevaa namba. Mimi na Adriano wangu tungemfurahisha sana mzee Reep.

Sasa nirudi kwenye Jumapili yenyewe, maana nimekuwa nikiizunguka.

Binamu alikuwa anasoma shule ya bweni nje kidogo ya Korogwe. Januari ile alishuka kutoka Handeni kupitia Sindeni, barabara ikiwa bado ya vumbi, akafika kwetu mchana akiwa mwekundu kuanzia nywele mpaka viatu. Alikuwa na 35,000 ya ada, shangazi amezikunja ndani ya kitambaa na kukifunga kwa uzi. Benki zimefungwa Jumapili, alipe Jumatatu kisha aende shule. Mama alimpa maji ya kuoga na ubwada. Jioni nikamwambia twende Manundu.

Alikaa kiti cha kushoto. Pedi ya kushoto ya TV ya pili ilikuwa na ugonjwa. Pembetatu yake ilishika mara moja kati ya tano, au tuseme sita, na sisi wenyeji tulilijua hilo kama tunavyojua majina yetu. Mgeni akija anawekwa kushoto. Kwangu mimi hasara ilikuwa ndogo hata nikiishika, kwa sababu nilihitaji duara na mraba tu. Kwa binamu ilikuwa sawa na kufungwa mguu mmoja.

Tulianza kwa 200. Nikamfunga moja bila, Adriano. Akalipa, akacheka, akasema, "Binamu, wewe bado unakaa nyuma kama mlinzi wa zamu." Mtu kwenye benchi akapendekeza tuweke elfu moja moja pembeni. Akaifungua ile kitambaa. Nakumbuka alivyoifungua kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa gumu.

Barcelona yake ilipiga pasi mpaka karibu na boksi langu, na kila ilipofika pale pa kupenyeza, Ronaldinho alisimama na mpira kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Nikampokonya, duara, Adriano, mraba. Niliona kidole chake kikigonga pembetatu mara tatu, mara nne. Aliiangalia pedi, akaniangalia mimi, akarudi kuangalia TV. Hakubadilisha mtindo. Angeweza kupiga krosi, duara lake lilikuwa zima. Aliendelea kupiga pasi. Tukapanda hadi elfu mbili. Tulipotoka nje palikuwa giza, na mimi nilikuwa na 12,000 yake.

Nilikuwa na kitanda chini ya dirisha, yeye akalala kwenye mkeka karibu nami. Hatukusema neno. Asubuhi alikwenda shule na 23,000, wakampokea kwa siku chache kisha wakamrudisha nyumbani akamalizie. Alikaa Handeni wiki tatu. Shangazi alimuuliza, akajibu kwamba aliibiwa stendi ya Korogwe. Mpaka leo shangazi akishuka stendi ile hukumbatia mkoba kwa mikono miwili na kuniambia, "Mwanangu, hapa pana wezi." Mimi hubeba mizigo yake na kuitikia.

Zile 12,000 nilinunua viatu vya mpira. Viliniumiza, nikamuuzia mtu.

Chumba kile cha gemu kimekuwa duka la vocha na miamala. Vijana wa Korogwe siku hizi wanacheza eFootball kwenye simu, ile iliyochukua nafasi ya Winning mwaka 2021 ikiwa imejaa makosa hadi ikachekwa dunia nzima. Ndani yake kuna orodha ya mitindo mitano ya kushambulia: kumiliki mpira, kushtukiza kwa kasi, kushtukiza kwa pasi ndefu, kutumia pembeni, na mipira mirefu. Unagusa mmoja, basi. Reep yumo kwenye orodha ile, na Chapman yumo, bila majina yao. Juzi nilimuuliza mdogo wangu mmoja wa mtaani kwa nini amechagua kushtukiza kwa pasi ndefu. "Bando, kaka," akasema. "Mtandao ukisuasua pasi fupi zinapotea." Nilitaka kumkumbatia.

Binamu yupo Marekani, miaka ya kutosha sasa. Huko amependa mpira wao wa Kimarekani, hasa wa vyuo vikuu. Julai 2024 gemu la mpira huo lilirudi sokoni, EA Sports College Football 25, baada ya miaka 11 ya kutotoka, maana mahakamani kulikuwa na ugomvi wa wanafunzi kutumika ndani ya gemu bila kulipwa. Akanipigia usiku wetu, kwao jioni, kunieleza anavyoteseka kuchagua mtindo wa kushambulia. Kuna timu za kurusha mpira kila mara na kuna za kukimbia nao.

Nilikwenda kusoma, kama kawaida yangu. Kule nako sheria ndiyo iliyofungua mlango. Msimu wa 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa wakicheza, Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton, na mwaka 1906 ikaruhusiwa kurusha mpira mbele ili wachezaji wasiendelee kurundikana na kukanyagana. Mitindo yao yote ya kurusha imetoka hapo. Na wapo waliobaki kukimbia kwa sababu zao: vyuo vya kijeshi vya nchi kavu, majini na anga, ambavyo haviwezi kuwa na majitu ya kilo 150 kwa kuwa kila mwanafunzi ni mwanajeshi wa kesho. Wao hucheza mtindo wa kuchagua dakika ya mwisho. Mtu mmoja wa upinzani anaachwa bila kuzuiwa kwa makusudi. Kiongozi wa mashambulizi anamtazama: akija huku, mpira unakwenda kule. Wanakaa na mpira muda mrefu, saa inakwenda, wenye miili wanachoka.

"Nimechukua Navy," binamu akasema. Ndiyo hao wa majini.

"Wewe? Wewe wa pasi kumi na mbili?"

"Nimezeeka, binamu. Nasubiri mtu akosee."

Nilisikia vidole vyake kwenye pedi, yule yule, anacheza huku anaongea. Tukaongelea mgongo wa shangazi, mvua za Handeni, bei ya mahindi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya bei ya mahindi:

"Ile pedi ya kushoto, pembetatu ilikuwa imekufa."

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua."

Kwenye simu kelele za uwanja wa bandia zilipanda na kushuka.

"Sasa kwa nini uliendelea kuweka hela?" nikamuuliza.

"Kila mechi ikiisha nilifikiri sasa utaniambia tubadilishane."

Nikatafuta la kusema. Nikataja 12,000, nikaanza kupiga hesabu ya ingekuwa ngapi leo, akanikatiza.

"Subiri," akasema, "mpira ni wangu."