Tone linavyovutika, linavyorudi na linavyokatika

Wadau, hii ni fizikia lakini msikimbie, maana inawagusa wote wanaoyeyusha plastiki kuukuu. Polithini na polipropilini ukiziyeyusha pamoja hazichanganyiki, ni kama maji na mafuta. Moja inakuwa matone ndani ya mwenzake. Matone makubwa yakigandia humo, ndoo utakayotoa inapasuka kirahisi. Kwa hiyo kazi yote ni kuyakata yawe madogo.

Aliyeanza kulipigia hesabu ni G. I. Taylor wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1932 na 1934. Alitumia rola nne zinazozunguka ndani ya kimiminika, tone likikaa katikati na kuvutwa pande mbili. Kipimo chake hata mimi wa fomu four nakiweza: urefu wa tone toa upana, gawa kwa jumla yake. Urefu 6, upana 4, jibu ni 0.2. Tone la duara ni 0.

Mkondo unavuta, mvutano wa uso wa tone unarudisha. Nani atashinda? Zidisha mnato wa kimiminika cha nje kwa kasi ya mkondo kukatana na kwa nusu kipenyo cha tone, kisha gawa kwa mvutano. Hiyo ndiyo namba ya kapilari. Minato ikiwa sawa, tone hukatika namba ikifika kama 0.4 au 0.5 hivi. Ndiyo maana makubwa hukatika kwanza.

Sasa sikieni hii. Mnato wa tone ukizidi wa nje kama mara 4, mkondo wa tabaka kuteleza juu ya tabaka haulikati hata ukazane vipi! Linajizungukia tu. H. P. Grace alionyesha hivyo mwaka 1982, na kwamba mkondo wa kurefusha, kama wa rola za Taylor, bado unalikata. Basi anayeongeza mwendo wa mashine tu anaweza kuwa anachoma umeme bure.

Mwaka 1998 Maffettone na Minale walirahisisha mambo: chukulia tone lina umbo la yai muda wote, mlinganyo mmoja unafuata likivutika na likirudi. Mkondo ukisimama, tone lenye kipenyo mara mbili huchukua muda mara mbili kurudi duara.

Viwandani pia huongezwa kemikali ya kushikanisha. Inapunguza mvutano, na inazuia matone yaliyokwisha kukatika yasiungane tena.