Kisiwa Kinachoonekana Kutoka Signal Hill

Nilipanda Signal Hill kwa sababu moja tu: picha. Kilima hiki cha Cape Town kina mita 350 hivi, na ukifika juu unaliona jiji kama uko ndani ya ndege: bandari, uwanja wa mpira, Atlantiki, na huko majini, Robben Island.

Lakini njia yangu ilianzia Bo-Kaap, ikapita Tana Baru, makaburi ya zamani ya Waislamu. Hapo amelala Tuan Guru, mwanazuoni wa Tidore, katika Indonesia ya leo. Waholanzi walimleta mwaka 1780 wakamfunga kwenye kisiwa kile kile. Akiwa kifungoni aliandika Kurani nzima kutoka kichwani. Alipoachiwa alifungua madrasa, na watumwa wakasoma humo. Alifariki mwaka 1807.

Mwaka 1886 wakoloni waliyafunga makaburi haya. Siku mbili baadaye watu wapatao 3,000 walipandisha jeneza hadi hapo, wakazika.

Kileleni, wenzangu walikinyooshea kisiwa kidole wakasema, "Mandela." Ni kweli, miaka 18 si mchezo. Mimi nikaongeza jina la pili kimoyomoyo, nikaanza kumsomea Yasin. Nilisoma madrasa Tanga miaka saba, tena nilikuwa wa kwanza darasani. Nilikwama katikati.

Picha nilipiga. Kisiwa kimetoka vizuri. Nikashuka nikiitafuta aya iliyofuata.