Kasumba, Panya na Mazoea ya Mwili

Neno kasumba limekwisha kuingia katika siasa, likawa na maana ya fikira zilizompumbaza mtu hata asitake kuziacha. Lakini asili yake ni utomvu wa mmea, na katika utomvu huo ndimo Mjerumani Sertürner alimotoa mofini mwanzoni mwa karne ya 19. Tangu hapo matabibu wamekuwa na dawa isiyo na kifani kwa maumivu makali, nayo ina ila mbili. Kwanza, mwili huizoea, hata kipimo kilichotosha jana leo hakitoshi. Pili, mwili huitegemea: ikikatwa ghafula, mtu hutokwa na jasho, hutapika, huharisha na mifupa humwuma, hali ambayo vijana wa miji yetu huiita arosto.

Je, yawezekana kubakiza faida na kuondoa ila? Kule Lexington, Kentucky, watafiti wa serikali ya Marekani waliwajaribia wafungwa hata miaka ya 1970, jambo ambalo leo hakuna alitetealo. Wengine walimwendea panya.

Mwaka 1969 Loh, Shen na Way, wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, walitumia panya wadogo waliozoeshwa mofini. Panya wa namna hiyo akidungwa naloksoni, dawa inayoipokonya mofini mahali pake, huanza kurukaruka kama aliyewekwa juu ya kaango. Wataalamu hao waliona kwamba saikloheksimidi, sumu inayozuia chembe za mwili kutengeneza protini, huzuia mazoea na utegemezi usianze. Sumu hiyo haikufaa kuwa dawa ya mtu, ila ilifundisha jambo kubwa: kuzoea si kuchoka kwa mwili, bali ni kazi ambayo mwili huifanya.

Tena ni kazi iliyo karibu na kujifunza. Siegel wa Kanada alionyesha tangu 1975 kwamba panya aliyezoeshwa mofini katika chumba kimoja huonekana kama hakuizoea akipewa katika chumba kingine. Mwaka 1982 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba kipimo kikubwa cha heroini huua panya wengi zaidi mahali pageni kuliko mahali walipopazoea.

Basi ikiwa mazoea ni mfano wa kujifunza, huenda dawa inayozuia kujifunza ikayazuia. Ndivyo walivyowaza Trujillo na Akil huko Ann Arbor, Michigan. Ubongo una vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo husaidia kumbukumbu kutia mizizi. Mwaka 1991 walitangaza kwamba panya waliopewa mofini pamoja na MK-801, dawa inayoviziba vipokezi hivyo, hawakuizoea mofini upesi wala hawakuitegemea sana, na nguvu ya mofini ya kutuliza maumivu haikupungua. Habari hiyo iliamsha matumaini makubwa, nami naona yalikuwa ya haki. Lakini MK-801 yenyewe haikuweza kutumiwa kwa watu, maana ilikwisha kujulikana tangu 1989 kuwa huumiza chembe za ubongo wa panya. Ikatafutwa nduguye aliye mpole, naye akapatikana katika dawa ya kikohozi: dekstrometofani. Ilichanganywa na mofini, ikajaribiwa kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, na mwaka 2005 yakachapishwa matokeo ya majaribio matatu: mchanganyiko haukuizidi mofini peke yake.

Kwa nini? Panya wa maabara huzoeshwa kwa siku chache, mara nyingi hana maumivu ya kudumu, na dawa yake ni kali kuliko ile awezayo kuistahimili mtu.

Klonidini ilikuwa na bahati njema zaidi. Mwaka 1978 Aghajanian wa Yale aliona kwamba dawa hii ya shinikizo la damu hutuliza zile chembe za ubongo wa panya zinazofanya ghasia mofini inapokatwa. Mwaka huohuo Gold na wenzake wakaona kuwa huwapunguzia watu mateso hayo. Nduguye, lofeksidini, alipata idhini Marekani mwaka 2018. Na methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ilikwisha kuonekana mwaka 1997, katika ubongo na uti wa mgongo wa panya, kuwa nayo hushika vipokezi vilevile vya NMDA.